Naomba ushauri: spika za sebuleni kwa ajili ya roki

Wakuu, habari zenu. Chumba ni mita 4 kwa 5, kiti kiko mita 2.5 kutoka kwenye spika, na amplifaya inatoa wati 60 kila upande kwenye spika za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Muziki ni roki karibu wote.

Ninachotaka hasa ni ngoma ya mguu igonge badala ya kuvuma, na gitaa la besi lisipotee. Waya wake mnene kabisa ukipigwa wazi hutoa takriban hezi 41, na spika nyingi zenye wufa (koni ya besi) ya inchi 5 hulegea kabla ya kufika huko. Kwa hiyo nina njia mbili: spika ndefu za kusimama sakafuni zenye wufa mbili za inchi 6.5, au ndogo pamoja na sabwufa (spika ya besi nzito pekee) isiyo na tundu la hewa, ikipewa sauti za chini ya hezi 80 tu. Ipi hufuata mapigo ya haraka vizuri zaidi?

Usikivu nao, yaani sauti ambayo spika hutoa kwa nguvu ileile, ni muhimu. Kila desibeli 3 zinazopungua hudai wati maradufu, hivyo spika ya desibeli 84 hula nguvu mara nne ya ile ya 90 kwa sauti ileile. Sitaki kushuka chini ya 89. Lakini zipo zilizoandikwa omu 8 ambazo huzama hadi 3 kwenye besi, na amplifaya ikachemka. Mliozipima, zipi hazizami hivyo?

Nyuma kuna sentimita 30 tu hadi ukutani. Tundu la nyuma likizibwa kwa sponji, besi itatulia kweli?