Kontroboksi ya kuprogramu kwa gari la mbio lenye injini mbili za kubadilishana

Swali, kutoka Tabora

Ndugu mafundi na wapenzi wa mbio za magari, salaam kutoka Tabora. Mimi na wenzangu wawili tunaunda gari la mbio la fremu ya mabomba katika karakana yetu ndogo hapa Isevya. Tangu mwanzo tulikusudia libebe injini mbili za Toyota kwa zamu: 4A-GE ya lita 1.6 yenye vali 20, kwa daraja la injini ndogo, na 1JZ-GTE ya lita 2.5 yenye tarbo na VVT-i (mfumo wa kubadili wakati wa vali kufunguka), kwa siku ambazo daraja liko wazi. Kila injini ina mauntingi yake na giaboksi yake, na tukianza asubuhi kushusha moja, jioni nyingine huwa imeshakaa.

Kinachotukwamisha ni umeme. Kila injini ilikuja na kontroboksi yake ya kiwandani (kompyuta inayoendesha mafuta na moto wa injini) pamoja na rundo la nyaya, na kila tukibadilisha tunapoteza siku mbili tukifuatilia waya mmoja mmoja chini ya dashibodi. Isitoshe, kontroboksi hizo haziruhusu kubadilisha jedwali la mafuta wala la moto, yaani namba zinazoamua injini ipewe mafuta kiasi gani na iwashwe moto lini, na hilo ndilo tunalolihitaji zaidi. Je, ninunue kontroboksi moja ya kuprogramu itakayohudumia injini zote mbili, au mbili za bei nafuu, kila moja na injini yake? Na nikisimama mbele ya muuzaji, niangalie nini hasa? Hatuna mashine ya kupima nguvu ya injini. Tutatyuni, yaani kurekebisha majedwali hayo, kwa kompyuta mpakato katika uwanja wa wazi, mmoja akiendesha na mwingine akisoma.

Jibu la kwanza, fundi umeme wa magari, Kigoma

Mdogo wangu, hongera kwa kazi. Usianze na jina la kampuni. Anza na kalamu na karatasi. Hesabu mahitaji ya 1JZ, kwa kuwa ndiyo kubwa: nozeli 6 za mafuta, koili 6 za moto ukiweka moja kwa kila plagi, valvu ya VVT-i, valvu ya kudhibiti tarbo, valvu ya mzunguko wa chini (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta), rilei ya pampu ya mafuta, rilei ya feni na waya wa mshale wa mizunguko. Hizo ni njia 18 za kutoka, yaani nyaya ambazo kontroboksi huamrisha vifaa kupitia kwazo, kabla hujafikiria kitu kingine chochote. Speeduino ya kawaida, kontroboksi ya kujiundia inayojengwa juu ya bodi ya Arduino Mega 2560, ina njia 4 za nozeli na 4 za koili. Itaitosha 4A vizuri, lakini kwa 1JZ utalazimika kuunganisha nozeli mbilimbili na koili mbilimbili. Haltech Elite 1500 nayo ina 4 na 4, wakati Elite 2500 ina 8 na 8. EMU Black ya Poland ina 6 na 6, na ndani yake mna sensa ya presha ya hewa ya nje pamoja na kisomaji cha sensa ya oksijeni ya Bosch LSU 4.9, vitu ambavyo kwingine ungevinunua kando.

Hiyo sensa ya presha ya nje usiidharau. 4A yako ya vali 20 ina throto (milango ya hewa) nne, moja kwa kila silinda, na kwa injini ya namna hiyo presha ya manifoldi (bomba la kuingizia hewa) hucheza sana, kiasi kwamba wengi huhesabu mafuta kwa pembe ya throto na mizunguko peke yake. Ukihesabu hivyo, kontroboksi haijui iko mwinuko gani usipoiambia. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina presha ya kilopaskali 88 hivi. Huku kwetu ziwani ni mita 775, na kilopaskali ni 92. Gari ulilolityuni vizuri Isevya litashuka Kigoma likiwa na mafuta pungufu kwa takriban asilimia 4 au 5, na ukilipeleka Dar es Salaam upungufu utazidi asilimia 10, nao ni wa kuunguza pistoni.

Jambo la pili, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni usomaji wa meno: sensa huhesabu meno ya gurudumu ili kontroboksi ijue injini imezunguka hadi wapi. 4A husoma mzunguko kutoka ndani ya distribyuta (kigawa moto), kwenye gurudumu la meno 24 linalozunguka nusu ya kasi ya krankshafti, shafti kuu ya injini. 1JZ ya VVT-i husoma gurudumu la krankshafti lenye nafasi za meno 36 yakiwa yamepungua 2. Kontroboksi nyingi nzuri zinajua mifumo yote miwili, ila uliza kabla ya kulipa, tena uonyeshwe ndani ya programu yenyewe, siyo kwa maneno. Ningekuwa wewe, ningechonga gurudumu la 36 pungufu 2 na kulifunga kwenye puli ya krankshafti ya 4A, sensa ikae kwenye kipande cha chuma kinene kisichotikisika. Distribyuta huendeshwa na kamshafti (shafti inayofungua vali), na kamshafti huendeshwa na mkanda. Ule ulegevu wote huingia kwenye taimingi, yaani wakati wa kuwasha moto, na kwenye mizunguko 7,500 kwa dakika utauona kwa taa ya taimingi ukicheza mbele na nyuma. Baada ya hapo injini zote mbili zitakuwa zinaongea lugha moja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kontroboksi moja tu, yenye njia za kutosha, na soketi moja kubwa ya nyaya za injini, ya kufunga kwa kuzungusha, kwenye ukuta kati ya injini na dereva.

Jibu la pili, Tabora, mtaa wa Cheyo

Namheshimu sana kaka wa Kigoma, na maneno yake kuhusu meno ni ya kweli, lakini hapo mwisho siafikiani naye. Kontroboksi nyingi hukuruhusu kubadili jedwali la mafuta kwa swichi, lakini aina ya meno, mpangilio wa moto na namna ya kuendesha koili hukaa kwenye faili moja kuu ambalo ni lazima ulipakie upya kwa kompyuta. 4A huwaka 1-3-4-2. 1JZ huwaka 1-5-3-6-2-4. Siku ya mashindano, katika haraka na vumbi, mtu atasahau.

Nasema hivyo kwa kuwa nilisahau mimi. Nilikuwa na injini mbili na kontroboksi moja. Faili la injini ya kwanza lilikuwa limewekwa kwa koili zinazotoa cheche ishara ya kontroboksi ikipanda, wakati koili za injini ya pili zilihitaji ikishuka. Nilifungua swichi tu, sikupiga hata stata. Koili zikabaki zimechajiwa mfululizo, na kabla sijamaliza kufungua dirisha la programu nilisikia harufu ya plastiki. Koili ya silinda ya tatu ilikuwa imevimba ubavuni na kutoa utomvu mweusi ulionata kwenye kidole changu. Nilipoteza koili tatu kwa muda usiozidi dakika moja. Tangu siku hiyo kila injini yangu ina kontroboksi yake, imefungwa kwenye kibao kinachotoka pamoja na injini. Hata Speeduino kwa 4A na nyingine kubwa kwa 1JZ ingekufaa, na moja ikifa njiani, gari bado lina injini ya kukimbilia.

Fundi wa Kigoma tena

Pole kwa koili, ndugu yangu. Hasara ya namna hiyo naifahamu. Lakini akinunua mbili atajifunza programu mbili, na ya bei nafuu ndiyo itakayokaa kwenye injini atakayoikimbiza mara nyingi. Kuna dawa. Katika soketi, upande wa injini, acheni pini moja kwa ajili ya utambulisho: kizuizi (rezista) cha ohmu 1,000 kwa 4A, cha ohmu 4,700 kwa 1JZ, kikienda kwenye grawundi ya sensa. Ndani ya gari pini hiyo iunganishwe na volti 5 kupitia kizuizi cha ohmu 1,000. Kontroboksi itasoma volti 2.5 kwa injini ndogo na volti 4.1 kwa kubwa. Katika kila faili weka sharti kwamba volti hiyo isipolingana, rilei kuu inayopeleka umeme kwenye koili na nozeli isiwashwe. Swichi itafunguliwa, na koili hazitapata umeme hata kidogo.

Pia chagueni koili za aina moja kwa injini zote, na mpime nozeli kwa mita kabla ya kununua chochote. Zikisoma ohmu 12 hadi 16 hamna tatizo. Zikisoma 2 hadi 4 mtahitaji vizuizi au kontroboksi inayodhibiti mkondo wa nozeli.

Muulizaji

Ahsanteni sana, kaka zangu. Tumepima jioni hii nozeli zote kumi: za 4A zinasoma kati ya 13.6 na 13.9, za 1JZ kati ya 13.4 na 14.1. Tumeamua kununua moja yenye njia 8 za nozeli na 8 za koili, yenye sensa ya presha ya nje, na tutaweka pini ya utambulisho kama alivyoelekeza kaka wa Kigoma. Koili zitakuwa za aina moja kwenye injini zote mbili, kwa sababu ya yaliyompata ndugu wa Cheyo. Gurudumu la meno tunalichora kesho kwenye karatasi ngumu, tulipeleke kwa mchonga vyuma kabla hatujafunga tena puli ya 4A. Ndugu wa Cheyo, tukiwasha kwa mara ya kwanza tunaomba uwepo, na uje na taa yako ya taimingi.