Naomba ushauri: nundu ya nyuzi 140 kwenye beriliamu-8

Habari zenu wanajamvi. Nawaomba mliowahi kuhangaika na X17 (chembe mpya inayodhaniwa kuwepo, ya takriban 17 MeV) mnisaidie. Ni vipimo vya ATOMKI, taasisi ya utafiti wa nyuklia ya Debrecen, Hungaria (2016): protoni zinapiga lithiamu-7, beriliamu-8 inashuka kutoka ngazi ya 18.15 MeV, na jozi za elektroni na positroni zinazidi matarajio pembe kati yao ikiwa karibu na nyuzi 140 (hiyo ndiyo nundu).

Nimeiga kwa kompyuta chembe ya 16.7 MeV. Jozi ikigawana nishati sawa kwa sawa, sin(θ/2) ≈ m/E (θ ni pembe kati yao, m ni masi ya chembe, E ni hiyo 18.15 MeV), kwa hiyo pembe ndogo kabisa ni nyuzi 134, kwa 17.0 MeV ni 139. Nimeweka mtawanyiko ndani ya shabaha, nundu ikapanuka tu. Kinachonikera ni mandharinyuma, yaani jozi za kawaida zisizotoka kwenye chembe mpya: nikiuacha huru uwiano wa E1 na M1 (aina mbili za mpito wa kiini, wa umeme na wa sumaku), unameza sehemu ya nundu yenyewe. (Najua jaribio la MEG II, Uswisi, hawakuona ishara ya maana, msinikatishe tamaa.)

Je, uwiano huo niufunge kwa pembe zilizo chini ya nyuzi 110 pekee, au kwa data za nje ya rezonansi (nishati ya protoni isiyoamsha ngazi hiyo)? Na kikomo cha NA48/2 (jaribio la CERN) kutoka kuoza kwa pioni isiyo na chaji, kinachobana nguvu ya mwunganiko wa chembe hiyo na protoni, kinanihusu hata nikichukua chembe ya vekta-aksia (axial vector) badala ya vekta ya kawaida?