Mabango ya miujiza na spika za ibada: serikali iingilie au ikae pembeni?

Mkaaji wa Kimara
Wakuu, mtaani kwetu kila nguzo ina bango. "Njoo na mgonjwa wako, rudi na ushuhuda." Moja limefungwa kwa waya mbele ya kibao cha kivuko cha wanafunzi, dereva hakioni mpaka awe juu ya watoto. Chini ya picha ya mtumishi kuna namba ya kutuma sadaka. Usiku wa mkesha spika za honi zinaelekezwa madirishani mwetu hadi alfajiri. Serikali izuie matangazo na mahubiri ya hadharani, au itakuwa imevunja uhuru wa kuabudu? Mimi nasema izuie. Wanaokwenda huko wengi ni akina mama wasio na shule, lazima walindwe.

Sheria Kwanza
Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inasema kutangaza dini, kufanya ibada na kueneza dini ni huru, hiari ya mtu, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Huwezi kuliruka hilo. Ila ibara ya 30 nayo inakataza uhuru wako kukanyaga haki za wenzako, na kanuni za kelele za 2015 zipo chini ya sheria ya mazingira. Sheria mpya ya nini? Afisa mazingira atoke usiku na kipima sauti, atoze faini, basi.

Binti Ujiji
Nimefika "akina mama wasio na shule" nikashindwa kuendelea. Mama yangu ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Alikwenda kwenye maombi baada ya kuambiwa figo zimechoka na kupewa karatasi ya gharama asiyoweza kuilipa. Usimwite mjinga mtu ambaye hujui usiku wake ulivyo.

Mkaaji wa Kimara
Pole dada, sikumsema mama yako. Lakini Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Wale nao walikuwa na mama zao.

Binti Ujiji
Na Loliondo? Mwaka 2011 kikombe cha dawa ya Babu, yule mchungaji mstaafu, kilikuwa shilingi 500, foleni ya magari kilomita na kilomita kuelekea Samunge, wagonjwa wakifia njiani. Viongozi wa serikali walikwenda kunywa, picha zao zikatoka magazetini. Hao hawakuwa na shule? Serikali iliyokunywa kikombe leo ndiyo imlinde mama yangu na bango?

Abu Salim, Tanga
Nyinyi mnazungumzia mikutano ya uponyaji, ila sheria hiyo ikija itaanza na sisi. Rwanda adhana imeshapigwa marufuku. Adhana ni dakika chache mara tano kwa siku, haiwezi kuwekwa kapu moja na mkesha wa usiku kucha.

Mkazi wa Kigali
Sheikh, mimi niko huku. Ilikuwa Machi 2018, wilaya ya Nyarugenge hapa Kigali, na kilichozuiwa ni spika za misikiti, si adhana yenyewe, wala haikuwa nchi nzima. Wakati huohuo mamia ya makanisa yalifungwa kwa ajili ya usafi, usalama wa majengo na kelele. Mwaka huohuo ikatoka sheria ya kuwataka viongozi wa dini wawe na elimu ya theolojia. Kwa hiyo waliofungiwa milango wengi ni Wakristo.

Abu Salim, Tanga
Unasema "spika tu" kama jambo dogo. Mji wenye magari na baa, sauti ya muadhini bila spika inamfikia nani? Mzee wangu alijua Alfajiri kwa sauti ile, hakuwahi kumiliki saa.

Mkaaji wa Kimara
Sijataja adhana popote, Abu Salim.

Abu Salim, Tanga
Umeandika "matangazo na mahubiri ya hadharani". Adhana ni nini kama si hadharani?

Wa Likoni
Ndugu zetu wa Tanzania, sisi huku Kenya tulifukua miili zaidi ya 400 kwenye msitu wa Shakahola mwaka 2023. Msituni hakukuwa na bango hata moja. Ila Mackenzie, mhubiri aliyewafungisha wafuasi wake hadi wakafa, alikuwa na kituo cha televisheni kabla ya kuingia huko. Nyinyi mnahesabu mabango, tazameni hewani.

Muuguzi wa Zamu
Wodini tunawapokea walioacha ARV au insulini baada ya kutangaziwa jukwaani kwamba wamepona. Wanaletwa wakiwa hawawezi kusimama. Waganga wa tiba asili wana sheria yao tangu 2002 na baraza la kuwasajili. Anayetangaza kuponya kisukari kwa maombi naye aulizwe ushahidi. Ibada yake isiguswe, lile dai la tiba ndilo libanwe.

Binti Ujiji
Mnawapokea? Mama alikaa kwenye benchi lenu tangu asubuhi, mchana dirishani akaambiwa "kalipie kwanza" na mtu asiyeinua macho. Kwenye maombi walimshika mkono wakamwuliza jina.

Muuguzi wa Zamu
Dada, usiku mmoja tunakuwa wawili kwa wodi nzima. Mkono nao nitaushika saa ngapi? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita 2023. Ingekuwa imeshamfikia mama, asingeambiwa akalipie. Niambie moja tu: dawa ameacha?

Binti Ujiji
Hajaacha. Mimi ndiye ninayempa, asubuhi na jioni.

Muuguzi wa Zamu
Basi mwombe mchungaji wake aliseme hilo jukwaani, kwa spika hiyohiyo: dawa zisiachwe.

Binti Ujiji
Nitamwambia. Na wewe mwambie wa dirishani ainue macho.