Nyumba mpya Buswelu au ya zamani Nyegezi?

Mama Wawili: Wakuu, habari za jioni. Baada ya miaka tisa ya kudunduliza, mimi na mume wangu tumebakiwa na nyumba mbili za kuchagua tununue ipi, hapa Mwanza. Ya Buswelu ni mpya, haijakaliwa na mtu; vigae vinang'aa, ila rangi ya jikoni imeshaanza kubanduka. Ya Nyegezi imejengwa 1994, bati lina kutu, lakini msingi umekaa juu ya mwamba na uani kuna mwembe. Mume anataka mpya. Moyo wangu uko Nyegezi. Mngefanyaje?

Fundi wa Igoma: Dada, hiyo rangi ni unyevu. Mimi nilinunua mpya wakati wa kiangazi. Masika ilipofika, maji yalipanda ukutani hadi usawa wa soketi. Nenda siku ya mvua. Tena gonga vigae kwa sarafu: kikilia kama debe tupu, chini saruji haijashika. Bati la kutu linabadilishwa, msingi mbovu ni kilio.

Bibi Kirumba: Mwanangu, ya zamani nayo ina wenyewe. Mke wa muuzaji amekubali? Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa yake kwa nyumba ya familia. Usitoe hata shilingi kabla ya kufanya upekuzi wa hati ofisi ya ardhi. Na kama iko karibu na ziwa, pima kama iko nje ya mita 60 kutoka ufukweni, eneo linalolindwa na sheria.

Mama Wawili: Asanteni sana. Leo nimegonga vigae Buswelu. Sebuleni pekee, saba vimelia debe. Mume alikuwepo, kasikia mwenyewe. Jumatatu tunaenda ardhi.