Mama anataka kurudi Amu (Lamu): basi au ndege hadi Manda?

MtotoWaKisauni: Asalaam aleikum. Mama amekuwa nami hapa Mombasa, sasa ashikilia lazima arudi kwao Amu kabla ya Maulidi. Umri umepita sabini. Basi atalimudu, ama nimpandishe ndege? Nyumbani kila mtu ana lake. Nisaidieni kabla ya Ijumaa.

Nahodha_Mstaafu: Waaleikum salaam. Ndege, usijishauri mara mbili. Lakini uwanja uko kisiwa cha Manda, si Amu mjini. Mkishuka, mizigo yaenda kwa mkokoteni hadi gatini, mwapanda boti kuvuka mkondo. Nimevusha watu pale miaka na miaka. Bahari haina neno, taabu ni zile ngazi maji yakipwa: zina ukoga, zateleza. Tafuta vijana wawili wamshike mama, mmoja mbele mmoja nyuma.

BintiMvita: Ndege ndogo wengi huruhusu kilo 15 tu, na begi liwe laini. Mama mkwe wangu alifika uwanjani na masanduku mawili na sinia la shaba. Sanduku moja likarudi nyumbani. Mpaka leo nasimangwa mimi, kama kwamba ile mizani niliiunda mimi.

Mpita_Njia: Basi bwana! Siku hizi Garsen hadi Witu ni lami. Nyinyi hamkuuona mwaka 2014 baada ya shambulio la Mpeketoni, kungoja msafara wa polisi mpaka mtu akalala akaamka.

Tabibu_Nusu: Samahani, mama alikuja Mombasa kwa nini? Anaumwa?

MtotoWaKisauni: Macho tu. Ameshatibiwa.

Tabibu_Nusu: Ametibiwa kwa matone au amepasuliwa?

MtotoWaKisauni: Amepasuliwa juzi. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho, ilikuwa imebanduka, wakamtia gesi ndani ya jicho. Analala kifudifudi, hata chai twamnywesha kwa mrija. Daktari alitaja habari za ndege, lakini nadhani alisemea zile kubwa za Ulaya. Hii ni ndogo, haipandi juu, na tiketi nimeshalipa.

Tabibu_Nusu: Subhanallah! Ndege ikipanda, mgandamizo wa hewa hupungua na gesi hutanuka. Jicho halina pa kutanukia, presha yapanda ndani, damu yazuiwa, mtu aweza kupofuka angani. Na hizo ndogo kama Caravan ndizo hazina kabisa mtambo wa kuhifadhi mgandamizo ndani. Gesi hukaa jichoni wiki 2 hadi 8, kulingana na aina yake. Wangemtia mafuta ya silikoni badala ya gesi ingekuwa habari nyingine. Hawakumvisha ukanda mkononi?

MtotoWaKisauni: Walimvisha. Umeandikwa asipande ndege. Lakini yeye mwenyewe asema basi litamtikisa jicho, na Maulidi ya msikiti wa Riyadha, Amu, hajayakosa tangu usichana. Nikimzuia nitaambiwa namnyima mama kheri.

Ustadh_Makadara: Radhi ya mama ni kubwa, ila kujitia katika maangamizi kumekatazwa. Mwenye udhuru nia yamtosha. Na wewe ulieficha maandishi ya daktari, muogope Mungu.

Jicho_la_Mwewe: Nyinyi mwamuamini huyu? Gesi jichoni, ya kupikia? Mtu halali ila kifudifudi, halafu ataka kwenda Maulidini! Uzi ulianza na basi, umefika upasuaji, kesho tutatumiwa namba ya mchango. Umetungwa huu.

BintiMvita: Gesi ipo kweli, jirani yangu wa hapa Tudor alitiwa. Walimtobolea mto katikati apate kupumua. Lakini hata mimi nauliza, mbona hukusema mwanzo?

MtotoWaKisauni: Nimeomba senti ya nani hapa? Niliuliza usafiri, sikuuliza matibabu. Nilijua mkisikia gesi mtakimbilia huko.

Jicho_la_Mwewe: Weka picha ya huo ukanda.

MtotoWaKisauni: Mkono wa mamangu siuweki mtandaoni.

Tabibu_Nusu: Hata kama katunga, atasoma mwingine aliye na gesi kweli. Piga simu kliniki leo, uliza ni gesi gani na itaisha lini. Barabara ya pwani haina milima, kwa gesi haina neno. Habari ya kutikisika waulize hao hao.

Nahodha_Mstaafu: Akienda kwa basi atashukia Mokowe, upande wa bara, napo boti iko. Vijana wawili nilisema.

Mpita_Njia: Hiyo tiketi yabadilishwa jina? Mimi Ijumaa naenda huko huko, na sina sanduku.