Wanaouguza wazazi wenye demensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu): nyumba mnaiwezaje? Tupeane uzoefu

Mleta mada, Dar: Habari zenu wakuu. Namuuguza mama. Dawa na chakula nilielekezwa hospitali, habari ya koki hakuna aliyenigusia. Anafungua maji anasahau, tenki linakauka, pampu imeshaungua. Choo kinaziba kwa vipande vya khanga. Kaka zangu nikitaja dawa wanatuma hela hata usiku wa manane, nikitaja fundi bomba, eti "si nyumba unayoishi mwenyewe?"

Binti Mkubwa, Tanga: Pole dada. Kwangu fundi mwenyewe ndiyo vita. Baba alimwona na nyundo akapiga yowe la mwizi, majirani wakatoka na fimbo! Siku hizi namwita asubuhi, maana jioni ndiyo baba huchanganyikiwa zaidi. Wanaanza na chai. Baba alikuwa seremala, basi anasimamia kazi na kufoka "msumari gani huo?" Fundi kashazoea, anaitikia tu "ndiyo mzee".

Msafiri: Gesi ifungeni mtungini, siyo kwenye jiko tu. Mtungi wenyewe ukikaa nje ya chumba cha kupikia, bora zaidi.

Mjukuu: Toeni komeo la ndani chooni. Bibi alijifungia, tukavunja mlango. Mpaka leo ni pazia, na tumeridhika.

Mkwe wa Moshi: Mimi mkwe, kwa hiyo mawifi wakija wanapitisha kidole kwenye kabati kutafuta vumbi. Wapitishe. Nilichoshika ni sakafu kavu, choo, na taa ya korido usiku kucha. Vizulia vidogo nimeondoa vyote, wazee wanajikwaa. Kile cheusi mama alikuwa anakiruka akidhani shimo.

Na hao kaka, dada, huenda wanaona ni uzee tu. Huku kwetu Hai watafiti walipita nyumba kwa nyumba, wakakuta demensia kwa wazee kama 6 katika kila 100 wa miaka 70 na kuendelea. Ni ugonjwa, na hilo bomba linaharibika kwa sababu yake. Risiti ya fundi na ya dawa ziandike daftari moja, piga picha, tuma kwenye kundi la familia.

Mleta mada: Naanza na ya pampu leo. Zile koki za kubonyeza zinazojifunga zenyewe nitazipata wapi?

Fundi Mstaafu: Kariakoo, upande wa Gerezani. Nenda na kipimo cha bomba lako, nusu inchi au robo tatu, wasije wakakuuzia isiyoingia.