Naomba ushauri: shujaa wangu anatembea kwa gongo, nguvu zake zitoke wapi, na mguu wake uponywe?

Mchoraji wa Wete:
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Ninaandaa hadithi ya katuni kwa wanafunzi wa skuli za msingi hapa Pemba. Mhusika wake mkuu ni msichana wa kijiji cha wavuvi ambaye mguu wake mmoja umepooza tangu utotoni. Katika rasimu, akiingia baharini mguu ule ule humpa kasi isiyo ya kawaida, na watu waliokuwa wakimcheka huanza kumheshimu siku anapowaokoa mabaharia wa dau lililopinduka. Mfano niliufuata kwa X-Men, mashujaa wa katuni za Kimarekani waliobuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1963: watu waliozaliwa na maumbile tofauti, wanaochukiwa na jamii wanayoilinda, na ambao wasomaji wengi wamewaona kuwa fumbo la kila anayebaguliwa.

Mpwa wangu, ambaye naye hutembea kwa gongo, aliisoma rasimu akaniuliza, "Na asipookoa mtu, watamheshimu?" Msomaji mwengine, mtu mzima, anashauri mguu upone mwishoni ili watoto wafurahi. Naomba mawazo yenu juu ya yote mawili.

Mwalimu wa Chake:
Waalaykum salaam. Mpwa wako amegusa udhaifu wa mfano uliouchagua. Cyclops, mmoja wa X-Men, hutoa miale machoni asiyoweza kuizuia bila ya miwani maalumu, kwa hiyo jirani anayemwogopa ana sababu ya kuogopa. Mtoto mwenye mguu uliopooza hamdhuru mtu yeyote. Kinachomkwaza ni ngazi za skuli na choo asichoweza kukifikia. Fumbo likimfananisha na mtu wa hatari, hata kwa nia njema, linaihalalisha hofu ambayo haikuwa na msingi. Hata hivyo nisingelitupa, kwa sababu mtoto anayechoka na mawaidha huikubali hadithi.

Fimbo Nyeupe:
Mimi sioni tangu utotoni, na uzi huu nimesomewa na simu yangu. Niruhusuni nirefushe kidogo.

Shujaa asiyeona anayejulikana zaidi ni Daredevil wa mwaka 1964, wakili Matt Murdock, aliyepofushwa na kemikali yenye mionzi ambayo wakati huo huo ilimwongezea hisia nyengine zote, hata akawa anatambua umbo la vitu vilivyomzunguka kama rada. Kwa maneno mengine, mwandishi alimwondolea macho kwa mkono mmoja na kumrudishia kwa mkono wa pili, na ulemavu ukabaki jina tu. Matokeo yake nayaona kwenye daladala za Darajani: abiria mmoja hunishika mkono bila ya kuniuliza, na mwengine hunitaka nimtambue kwa mlio wa viatu vyake. Masikio yangu ni ya kawaida, ila nimejifunza kusikiliza.

Ninayempenda ni Barbara Gordon wa katuni za Batman, aliyekuwa shujaa kwa jina la Batgirl. Katika hadithi ya mwaka 1988 alipigwa risasi akapooza miguu, na kwa namna mkasa ule ulivyoandikwa angeweza kubaki kitu cha kusikitikiwa. Mwaka uliofuata John Ostrander na Kim Yale wakamrejesha kwa jina la Oracle, mtaalamu wa kompyuta na habari ambaye mashujaa wengine wanamtegemea. Kigari chake hakimpi nguvu wala hakimnyang'anyi akili. Ujuzi wake ni wa tangu zamani, alikuwa mkutubi. Mwaka 2011 wachapishaji wake wakamfanya atembee tena, na wasomaji wengi wenye ulemavu walihisi wamepokonywa mtu wao. Huo ndio uzito wa ushauri wa kumponya msichana wako: utamfurahisha mtoto anayetembea vizuri, na mpwa wako utamwambia kwamba hadithi haiwezi kuisha vyema akiwa kama alivyo.

Mama wa Micheweni:
Nakubaliana na mengi, lakini si yote. Katika filamu ya X-Men ya mwaka 2006 inapatikana dawa ya kuwafanya wawe watu wa kawaida. Storm, anayeiamrisha mvua apendavyo, anasema hakuna cha kutibiwa. Rogue, ambaye hawezi kumgusa mtu bila ya kumdhuru, anaitaka dawa ile. Ni rahisi kuikataa dawa kwa asiyeumwa. Mwanangu huamka usiku kwa maumivu ya nyonga, na akitamani apone simwoni kuwa anajidharau. Msichana wa hadithi aruhusiwe kutamani, hata kama hatopona.

Mchoraji wa Wete:
Ahsanteni sana. Mguu hautopona, na nguvu hazitotoka mguuni; atakuwa anaijua mikondo ya bahari kwa kufunzwa na bibi yake, na heshima ataidai kabla ya dau kupinduka. Siku ambayo mguu unamuuma nitaichora pia. Kabla ya kuchapisha nitaipeleka rasimu kwa wanachama wa Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar. Nimeambatanisha ukurasa wa kwanza.

Mama wa Micheweni:
Nimeuona. Gongo umelichora upande wa mguu uliopooza. Anayetumia gongo moja kwa kawaida hulishika upande wa mguu mzima. Mwombe mpwa wako atembee mbele yako kabla ya kuchora upya.